Mwanagenzi wa Miaka Hamsini na Tatu

Kwa mujibu wa jiji, nilianza kazi ya madaftari nikiwa na umri wa miaka hamsini na tatu. Kabla ya hapo sikuwahi kuhesabu karatasi wala kushika jalada. Ipo fomu inayosema hivyo, ina muhuri, na saini iliyo chini yake ni yangu. Hakuna aliyenishikia kisu. Nilipewa kalamu na mdogo wangu wa tumbo moja, nikatia saini huku nacheka.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo, na bila mimi kiwanda kisingekuwepo. Kilianzia sebuleni kwa mama, mwaka ule baba alipofariki. Nilikuwa nakunja karatasi juu ya meza ya kulia, nazishona katikati kwa sindano ya magunia, na mdogo wangu akitoka shuleni anazibeba kwenda kuziuza. Mama alizaa watoto watano akabakiwa na wawili, mimi wa kwanza na yeye kitinda mimba. Nyumbani tulimwita Kitinda, na jina likamganda hata alipoota mvi na kitambi. Alisoma chuo cha biashara kwa madaftari niliyoshona mimi. Alipomaliza tukakodi jengo, tukanunua mashine ya kukatia, tukaajiri mtu wa kwanza, wa pili, mpaka tukafika ishirini na wawili.

Siku alipofungua kitabu cha wafanyakazi, jina langu aliliandika mstari wa kwanza. Namba moja. Nikamwuliza mbona yeye mwenyewe hajajiandika, akasema mwenye kiwanda haandikwi. Nikamwuliza tena, basi mimi si mwenye kiwanda? Akanishika bega. "Dada, wewe andikwa tu. Siku nikigongwa na gari, sheria ikulinde." Nikaona mdogo wangu ana akili, na ana huruma pia.

Kwa hiyo niseme wazi nilichokuwa nacho. Leseni ilikuwa na jina lake, mkataba wa jengo jina lake, hata kibao cha mlangoni. Mimi nilikuwa na mstari mmoja katika kitabu, namba moja, na miaka iliyokuwa ikijijaza mbele yake. Miaka hiyo ndiyo ingenitoa kazini kwa heshima nikizeeka, na kiinua mgongo mkononi, bila kumpigia mtu magoti. Sikuwa na kingine, wala sikuona haja ya kingine.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Mtu asiyeijua anaweza kucheka. Mrundo wa karatasi kubwa zenye mistari unawekwa mbele yako, unatia kidole gumba ukingoni, unapepea, mkono unakata ishirini na nne. Unazigongesha mezani zilingane, unaweka jalada, unampa mwenzako akunje na kupiga pini. Hizo ishirini na nne zikikunjwa ndiyo daftari la kurasa tisini na sita. Ikipungua moja, mwalimu wa shule atarudisha mzigo mzima na matusi juu. Mimi sikuhesabu kwa mdomo. Mkono wangu ulishajua, na kwa miaka mingi haukuwahi kunidanganya, sifa ambayo leo sitampa ndugu yeyote.

Basi jiji likatoa tangazo. Biashara yoyote ya hapa hapa itakayojipanua na kuajiri watu wapya wasiopungua kumi na watano itasamehewa kodi ya jiji miaka mitano. Wapya hao wawe wanagenzi, wafundishwe kazi, na nafasi zao zidumu angalau miezi kumi na miwili. Kitinda alikuja nalo mezani kwangu saa ya chakula, akavuta stuli, akanisomea lote. Nikafurahi kweli. Mtaa wetu ulikuwa umejaa watu wanaokaa vibarazani tangu asubuhi hawana la kufanya.

"Tutawachukua wapi hao kumi na watano?" nikamwuliza. "Tuanze na wale wanaokuja kuuliza kazi kila Jumatatu?"

"Dada, tukichukua watu kumi na watano wasiojua kitu, tutafunga duka kabla ya mwaka kuisha." Akavuta stuli karibu zaidi. "Wapya tunao tayari. Ni nyinyi."

Akanieleza mpango wake. Angekodi ghala la jirani, lililokuwa tupu, atoboe mlango ukutani, na upande wa pili aandikishe kampuni mpya. Watu kumi na watano wangeacha kazi huku kwa barua, wapite mlangoni, waajiriwe kule kama wanagenzi. Meza zile zile, mshahara ule ule, chai ile ile. Kodi ikisamehewa, kiwanda kingepata pumzi, na mwisho wa mwaka kila mtu angerudishwa kwenye kitabu chake na miaka yake yote.

"Huo si uongo?" nikauliza.

"Ni karatasi tu, Dada. Wewe unazihesabu kutwa nzima, unajua zilivyo."

Hapo ndipo aliponipata, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu nimeulizwa na watu wengi kama nilikuwa sijui kusoma. Najua kusoma. Lakini sisi watu wa kiwanda kile tulikuwa na ugonjwa wetu. Mtu anayeshinda akitengeneza madaftari matupu, akiyaona yanaondoka matupu, mwishowe anadhani kinachoandikwa humo ni upuuzi wa watu wengine. Karatasi kwetu ilikuwa kitu cha kulinganisha, kukunja na kukata. Ikikosewa inatupwa kwenye kapu. Nani angeogopa kapu?

"Wewe ndiye watakayemsikiliza," Kitinda akaniambia. "Mimi wananiona bosi. Wewe ni Dada Mkubwa."

Ndivyo walivyoniita wote, Dada Mkubwa, hata walionizidi umri. Nikawakusanya baada ya kazi, karibu na mashine ya kukatia, nikasema niliyoambiwa na nikaongeza yangu. Nilisema sisi ni familia. Nilisema kodi ya jiji ndiyo inayotunyima mashine nzuri na vyoo vizuri. Walicheka, wakataniana nani atakuwa mwanagenzi mtoro. Mmoja tu hakucheka, mzee aliyekuwa akishona na kugundisha migongo ya vitabu vikubwa vya hesabu. Tulimwita Mzee Gundi. Vidole vyake vilikuwa na ganda lisilotoka kwa sabuni yoyote.

"Nina miaka kumi na tisa hapa," akasema. "Barua hii inasema nimeacha kwa hiari. Hiyo miaka inakwenda wapi?"

"Inakusubiri, mzee wangu. Mwaka mmoja tu."

"Kitinda amesema?"

"Amesema mbele yangu. Na mimi nimetia saini wa kwanza."

Akaisoma ile barua upya, kisha akaomba kalamu. Wengine wakafuata. Kila barua ilihitaji shahidi, na Kitinda alikuwa ameshaniomba niwe mimi, kwa sababu nilikuwepo. Nikatia saini yangu mara kumi na nne zaidi, mkono ukachoka, nikasema kwa mzaha kwamba sasa nimekuwa waziri.

Baada ya miezi miwili afisa wa jiji akaja kutukagua. Kanuni zilitaka kila mwanagenzi apimwe mwanzoni, ili mwishoni ijulikane amejifunza nini. Siku moja kabla, Kitinda alitupanga kama watu wa maigizo. Wale saba waliobaki kampuni ya zamani watakuwa walimu, sisi tutakuwa wajinga. Mwalimu wangu alikuwa Mama Pacha, mwanamke mchangamfu aliyekuwa na miaka minne tu kazini, na kila alichokijua alikipata mezani kwangu.

"Dada Mkubwa, nitakugombeza kidogo, usinikasirikie," akaninong'oneza asubuhi hiyo.

"Gombeza, mwanangu. Lakini ukinizidi nitakufinya."

Afisa alikuwa bwana mpole mwenye miwani, anashika faili kwa mikono miwili. Akasimama mbele yangu, akasema nichukue karatasi ishirini na nne. Nikatia gumba, nikapepea, nikakata. Mama Pacha akazihesabu moja moja kwa sauti. Ishirini na nne. Kitinda akakohoa.

"Bahati ya mwanzo hiyo," akasema.

Nikarudia. Ishirini na nne tena. Nilikuwa nimekusudia kukosea, nawaapia, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Afisa akaanza kunitazama vizuri. Mara ya tatu nikafumba macho na kuvuta kiasi bila kupepea, zikatoka thelathini na moja, na Mama Pacha akapiga ulimi.

"Sivyo, mama. Sikiliza ninachokwambia. Usiharakishe, tazama kidole changu."

Akanishika mkono, akaniwekea gumba ukingoni, kama nilivyomshika yeye miaka minne nyuma. Watu wawili watatu walikuwa wameinama chini ya meza wakijifanya wameangusha kitu. Nikakosea tena mara mbili, afisa akaandika, kisha akaniinamia na kunipa moyo. "Usikate tamaa, mama. Umri si kizuizi. Jiji linakujali." Nikamshukuru. Ningefanya nini tena?

Mzee Gundi alitakiwa kugundisha mgongo wa kitabu kichwa chini miguu juu, akafanya. Afisa alipoondoka Kitinda akaleta soda kreti mbili, tukacheka mpaka mbavu zikauma, kila mtu akiigiza ujinga wake upya. Nikamtafuta Mzee Gundi, nikamkuta nyuma ya vyoo amesimama peke yake, macho mekundu. Akasema ni gundi. Nikamwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Mwaka ukaenda. Msamaha wa kodi ukatoka, wakubwa wa jiji wakaja kupiga picha na sisi kumi na watano tukiwa tumevaa aproni mpya, mimi katikati. Mlango ukutani ukazoeleka. Mwezi wa tisa magari mawili yakaleta masanduku ya mbao, na ndani yake kulikuwa na mashine inayohesabu, inayokunja na kupiga pini yenyewe. Kitinda alinipeleka kuiona kwanza. "Pesa ya kodi hiyo, Dada. Umeona faida yake?" Nikaipapasa ubavuni. Nikasema ni nzuri. Sikuuliza itakaa badala ya nani, na hilo nalijutia kuliko mengine, maana jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, refu kama basi.

Mwezi wa kumi na tatu tangu tuvuke ule mlango ulipoingia, siku ya Jumanne, tukapewa barua. Mama Pacha ndiye aliyezigawa, akiwa amefanywa msimamizi wiki hiyo. Hakunitazama. Alinipa bahasha yangu ya mwisho kabisa, akarudi ofisini karibu akikimbia. Barua ilisema mafunzo yangu yameisha, kwamba kwa mujibu wa tathmini, ile ile ya mwanzoni maana nyingine haikufanyika, sikufikia kiwango kinachotakiwa, na kampuni inanitakia kila la heri. Nikaisoma mara mbili. Nikainua macho, nikaona watu kumi na wanne wananitazama mimi, si barua zao.

"Ni makosa," nikawaambia. "Subirini."

Kitinda alikuwa ofisini kwake na mlango wazi, ananingojea. Alikuwa amevua saa na kuiweka mezani, kama anavyofanya akijua mazungumzo yatakuwa marefu.

"Kaa, Dada."

"Sikai. Hii ni nini?"

"Ni mkataba. Ulikuwa wa miezi kumi na miwili, imeisha."

"Ulisema tutarudi kitabuni."

"Nilisema. Wakati ule sikujua mashine itafanya kazi ya watu wote wale." Akapangusa uso. "Siwezi kulipa mashine na kuwalipa nyinyi. Kiwanda kitakufa, na nikifa mimi mnakufa wote."

"Watu wana miaka kumi na tisa, kumi na mbili, kumi na tano. Wape stahili zao waende."

"Miaka ipi?" Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitabu cha wafanyakazi, akakigeuza upande wangu. Mstari wa kwanza, jina langu, na mbele yake kwa wino mwekundu: ameacha kazi kwa hiari. "Soma. Nyinyi mliacha. Kule mna mwaka mmoja, tena wa mafunzo. Nikikubali kwamba nyinyi si wapya, nakubali nililidanganya jiji. Watadai kodi yote na kunifunga. Unataka mdogo wako afungwe?"

Nikamwuliza swali ambalo mpaka leo naona aibu kuwa nililiuliza, badala ya kulimeza. "Na mimi, Kitinda? Hata mimi?"

"Nikikubakisha wewe peke yako watauliza kwa nini aliyefeli vibaya kuliko wote ndiye amebaki. Afisa alikuandika vibaya mno, Dada. Ulizidisha." Akatabasamu kidogo, nadhani alitaka tucheke. "Lakini wewe hutalala njaa. Kila mwezi nitakuwa nakutolea kitu. Nitakutunza."

Nimetukanwa mara nyingi maishani, hakuna tusi lililoniingia kama lile neno. Anitunze. Mtu niliyemvalisha sare za shule, anitolee kitu kila mwezi nikiketi kibarazani namsubiri apite. Nikamwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo, mtu mzima mwenye mikono laini, na nikaelewa kwamba wakati nikimsikiliza akinisomea tangazo lile, alikuwa ameshanipiga hesabu, nikatoka kwenye jumla. Nilimwambia kesho nakwenda jiji. Akasema, nenda, halafu umweleze mama.

Nikarudi kwa wenzangu nikawaambia ukweli, wote, bila kuupamba. Tukakubaliana tukutane asubuhi mbele ya ofisi ya jiji.

Mama anaishi kwangu. Jioni ile nilimkuta ameketi kitandani anachambua mchele kwenye sinia, kazi anayopenda kwa sababu macho bado yanamruhusu. Nikakaa chini, nikamweleza kila kitu. Hakushtuka. Aliendelea kutoa chuya moja moja, na mimi nikaanza kusikia baridi.

"Mama. Ulijua?"

"Alikuja mwezi uliopita, ukiwa kazini. Alilia hapo ulipokaa."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilizaa watano, nimebaki na nyinyi wawili." Akaweka sinia pembeni. "Nilimwomba asikupe barua yako mbele ya watu. Akaniahidi."

"Mwezi mzima, mama. Nakupikia, nakuogesha, unaniuliza habari za kazini."

"Niliogopa ungefanya hili unalotaka kufanya sasa."

Akaniomba nisiende. Alisema Kitinda ana watoto wanaosoma, na mimi sina mtoto, na mkono mmoja ukikatwa mtu anaishi na ule wenye kazi zaidi. Sijui kama alijua alichokisema. Nikampakulia chakula, nikampa dawa zake, nikamfunika. Hasira niliyokuwa nayo kwa Kitinda ilikuwa na mahali pa kwenda, lakini hii ya mama sikujua niipeleke wapi. Mpaka leo ninayo.

Asubuhi walikuja wote kumi na wanne. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, na afisa alikuwa yule yule wa miwani. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha yetu kubwa, aproni mpya, mimi katikati, na maandishi juu: nafasi kumi na tano mpya za kazi. Alinikumbuka.

"Mama wa karatasi. Umeendeleaje na mafunzo?"

"Nilikudanganya, baba," nikasema. "Sote tulikudanganya."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama akafunga mlango. Alisema jiji limeshatangaza zile nafasi, zimeshaingia kwenye ripoti, na huko juu hakuna atakayefurahi kuzifuta. Lakini kwa kuwa tumekuja wenyewe hawezi kukataa kuandika. Akatoa fomu za maelezo, akaziweka mezani.

"Ila mjue mnachofanya. Kila atakayetia saini hapa anakiri kwamba alitoa maelezo ya uongo kwa jiji. Mwajiri wenu atashtakiwa, na nyinyi mnaweza kuunganishwa naye. Na miaka yenu sina hakika mtaipata." Akafungua faili letu, akapekua. "Tena kuna saini ya mtu mmoja kama shahidi katika barua zote za kuacha kazi. Huyu atakuwa na shida zaidi. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye uliyewashawishi?"

Wenzangu walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nilitamani mmoja wao aseme hapana, Kitinda ndiye, Dada Mkubwa naye alidanganywa. Hata sauti moja ingenitosha. Nilisubiri kiasi cha mtu kuvuta pumzi mbili.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Akaandika. Nikageuka kwao, nikataka kuwaambia kwamba hawalazimiki, kwamba anayetaka kurudi nyumbani arudi, mimi nitabaki. Nilikuwa nimelipanga usiku kucha, na nilifikiri nitalisema vizuri. Mzee Gundi akanipita ubavuni kabla sijafungua mdomo, akaichukua kalamu kwa vidole vyake vya ganda.

"Dada Mkubwa, tafadhali usituambie kitu," akasema kwa upole. "Saini ya kwanza nilitia kwa sababu yako. Hii natia kwa sababu yangu."

Akatia. Afisa akamwuliza alianza kazi lini, akataja mwaka na mwezi, na hata siku, ilikuwa Alhamisi. Wakafuata wengine mmoja mmoja, kila mtu akitaja mwaka wake kwa sauti, kumi na mbili, kumi na tano, tisa, na afisa akiandika. Walikuwa wakipeana kalamu mkono kwa mkono. Yule wa kumi na nne alipomaliza aliirudisha kwa afisa, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu naye zaidi kuliko afisa.

Nikaiomba. Afisa akauliza nilianza lini, nikasema miaka ishirini na saba sasa. Akauliza nina uhusiano gani na mmiliki, maana fomu ina mstari huo. Nikasema ni mdogo wangu, tumbo moja. Akaniangalia juu ya miwani, akaandika.

Nilipomaliza, chumba kilikuwa kitupu. Nikashuka ngazi haraka nikidhani nitawakuta chini wakinisubiri, tuamue la kufanya. Nikawaona ng'ambo ya barabara, wamemzunguka Mzee Gundi, wanaongea. Mmoja aliniona. Akawagusa wenzake, wakaanza kutembea kwenda zao. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikabaki kwenye ngazi za jiji nikiwa sina pa kwenda.